Mgonjwa Haulizwi Uji

Kwenye mazishi ya Wawira kulikuwa na sufuria mbili za uji, na hilo peke yake lilitosha kunichefua. Ya kwanza ilikuwa chini ya hema, imezungukwa na wanawake wa ukoo wa marehemu mumewe, na foleni yake ilifika mpaka kwenye zizi la mbuzi. Ya pili ilikuwa kando ya jiko la Wawira mwenyewe. Ilikuwa imepikwa na binti yake, Muthoni, na hapakuwa na mtu. Muthoni alisimama pale na vikombe vyake vilivyooshwa vikang'aa, akiwatazama watu wakilikwepa jiko la mamake kana kwamba ni choo. Nilikuwa nimetoka kwangu Kaaga asubuhi, nimeketi kwenye kiti cha plastiki, na nyuma yangu mwanamke mmoja alikuwa akimweleza mwenzake, wala hakujisumbua kunong'ona. "Hapo hatukunywangi. Huyu mama ndiye alinyima bwanake chakula hosi mpaka akakufa." Mwenzake akasema, "Woi! Mwalimu Ireri?" "Ehe. Njaa. Na walikuwa na ng'ombe wa maziwa." Niligeuka nikawatazama. Walikuwa wanawake vijana. Mwalimu Ireri alipokufa, kama walikuwa wamezaliwa, basi walikuwa wakinyonya. Mimi nilikuwepo. Kichwa chake kilikuwa mikononi mwangu. Na uongo ule ulikuwa umezeeka pamoja nasi, umezaa na kupata wajukuu, na sasa umekuja na viatu vya Jumapili kumzika aliyesingiziwa. Nilitamani kutema mate.

Mwaka ninaoukumbuka ni wa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili, katika hospitali moja ya serikali kando ya barabara ya Embu na Meru. Jina lake naliacha. Majengo yale yalishabomolewa na sina hamu ya kuyafufua. Tulilala hosteli, wasichana wanne chumba kimoja, na jioni tulikula githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemshwa pamoja, ambayo wadudu wake tuliwasukuma pembeni mwa sahani kwa kijiko bila hata kukatiza mazungumzo. Hilo halikunishinda. Kilichonishinda ni wadi ya wanaume. Ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha ya juu yasiyofunguka, na wagonjwa walilala wawili wawili, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule. Asubuhi ukisukuma mlango, harufu ndiyo iliyokupokea: mkojo, dawa ya kuoshea sakafu, kabeji iliyochemshwa tangu alfajiri, na chini ya hayo yote harufu ya nyama ya mtu inayooza mwenyewe akiwa hai. Hiyo ya mwisho ilitoka upande wa choo. Hapo paliitwa Kona, na ndipo walipowekwa waliopooza, wale ambao presha ilikuwa imepanda ikawaharibia mshipa wa kichwani, wakaanguka upande mmoja. Walilazwa karibu na choo ingawa hakuna aliyeweza kutembea mpaka chooni. Nilimuuliza muuguzi mkuu wa wadi, mama mmoja mrefu ambaye sote tulimwita Inchaji, kwa nini tusiwasogeze karibu na meza yetu ili tuwaone vizuri. Nilimkuta katika chumba cha chai, mkate mkononi, siagi imemwagikia kidole. "Kathure," akaniambia, "hawa wa kupooza hawaponangi. Sikio la kufa halisikii dawa. Weka nguvu yako kwa wale wa malaria." Kisha akalamba kidole. Sura ya mama huyo imeanza kunitoka, lakini kidole kile nakiona mpaka leo.

Watu husema mtu wa kupooza huuawa na presha. Niliyoyaona Kona ni mengine. Presha iliwaangusha, kweli, na wengi wao walikuwa wameshaonywa. Vidonge vilikuwa kwenye mfuko wa koti, vimeachwa katikati kwa sababu kichwa hakiumi tena na dawa ni ya mgonjwa. Lakini wengine walifika kwetu wakiwa bado na nafasi nzuri, wakauawa polepole, tena mbele ya watu. Aliuawa yule aliyepitishwa kwanza kwenye maombi, kisha kwa mtu wa mizizi, kisha kwa shangazi anayejua kuchua, akaletwa hospitali siku kadhaa baadaye akiwaka homa. Aliuawa yule ambaye hakuna aliyemgeuza mpaka mgongo ukatoboka. Na zaidi ya wote, aliuawa yule aliyelishwa. Koo nalo hupooza. Ukimlaza mtu kama huyo chali ukammiminia uji, hauendi tumboni, unaenda mapafuni, na yeye pengine hata hakohoi akakuonya. Baada ya siku mbili tatu kifua kinakoroma kama maharagwe jikoni, na wenyewe wanasema presha imepanda tena. Mwalimu wetu wa uuguzi alitufundisha kumwinua mgonjwa, kumpa kijiko kimoja cha maji na kusikiliza sauti yake baadaye. Sauti ikiwa na majimaji, hakuna cha mdomoni, ni mpira wa kulishia kupitia puani. Ni jambo jepesi. Mtu yeyote mwenye kijiko na subira angeweza kulifanya, na ndiyo sababu nilikasirika nilipoona halifanywi.

Mwalimu Ireri aliletwa na mkewe, Wawira, kutoka upande wa chini, kule kwa joto na mawele. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamume mwenye mabega, mpenda nyama ya kuchoma na chumvi, ambaye aliwahi kuambiwa ana presha akacheka. Wawira alinieleza hayo siku ya kwanza, tukimvua shati. "Dawa alimeza mwezi moja. Akasema, mimi sina mahali naumwa, hizi tembe ni za wazee. Nikizificha kwa chai, ananusa." Upande wa kulia wote ulikuwa umekufa, mdomo umeshuka, jicho moja halifungi vizuri. Lakini alikuwa na fahamu. Tulipompa kijiko cha maji alijaribu kusema, na sauti ikatoka imejaa maji. Basi hakuna kulishwa mdomoni. Hospitali haikuwa na mpira. Wawira akapanda mpaka mji wa Nkubu, akazunguka kwenye maduka ya dawa, akarudi nao umefungwa ndani ya leso kama vito. Nikamwonyesha jinsi ya kumwinua mumewe kwa mito, jinsi ya kupitisha maziwa na uji mwepesi taratibu, jinsi ya kumgeuza na kumpangusa. Alijifunza haraka kuliko wanafunzi wenzangu wawili ambao nitawastahi kwa kutowataja. Baada ya wiki moja Kona ilikuwa na kitanda kimoja kisichonuka. Asubuhi moja nilipofika, Mwalimu alinitazama kwa jicho lake zima, akakunja uso kama mtu anayenyanyua gunia, akasema, "Keti." Lilikuwa neno lake la kwanza. Alikuwa ameniona mwanafunzi nimesimama, na kazi yake yote ilikuwa kukalisha wanafunzi. Wawira akacheka mpaka akaketi yeye. Nami nikaketi, kwenye ukingo wa kitanda, jambo lililokatazwa.

Shida ni kwamba watu wa Mwalimu walikuwa na desturi yao. Kumtembelea mgonjwa mikono mitupu ni aibu kila mahali, lakini kwao haikutosha kuleta chakula. Kila ndugu alitakiwa kuleta ucuru, ule uji wetu wa mawele uliochacha, auonje mwenyewe mbele ya watu, kisha amlishe mgonjwa kwa mkono wake. Mgonjwa akimeza, basi moyo wako kwake ni safi, huna kinyongo, hujamwendea kwa mganga. Asipomeza, watu wanaanza kutazamana. Sasa fikiria kaka, dada, mashemeji na binamu wamejipanga kando ya kitanda, kila mmoja na flaski yake, na mwanamke mmoja amesimama mbele yao anasema, hapana, halishwi kwa mdomo. Wawira alikuwa anawazuia ndugu wa mumewe wasijitakase. Alijaribu kuwaeleza, nami nilijaribu nikiwa na sare yangu iliyokwaruza shingo. Mpira ule ndio uliowachukiza zaidi. Dada mkubwa wa Mwalimu, Igoki, mwanamke mkavu mwenye kovu la moto mkononi, aliutazama akasema, "Hata ng'ombe hakunywi na pua." Nilimjibu kwamba ndugu yake anashiba kwa huo mpira. Akaniuliza, "Wewe ni wa wapi?" Nikasema Meru, Kaaga. "Ndiyo maana," akasema, na mjadala ukaishia hapo.

Nje ya wadi kulikuwa na veranda ambako wageni walikula wakisubiri kengele ya saa za kutembelea wagonjwa. Dirisha la chumba cha kuoshea vyombo lilikuwa juu yake, nami nilikuwa nikisugua mabakuli ya chuma nikiwasikia kama redio. Walikula vizuri. Minofu ya kuku, viazi, chapati zilizofungwa kwa kitambaa, na katikati ya kutafuna wakamgawanya Wawira vipande. "Ireri amekonda, uliona shingo?" "Mke hajakonda." "Anangoja nini? Anangoja shamba." "Mimi nilimpea ucuru nikafukuzwa na kasichana ka sare." Kisha sauti ya Igoki, polepole, "Mgonjwa haulizwi uji." Wote wakaitikia, ehe, haulizwi. Ni methali nzuri, najua. Ina maana mtendee mwema aliye na shida, usimngoje aombe. Lakini siku ile niliisikia ikitafunwa pamoja na mifupa ya kuku, na nilijua watafanya nini nayo. Nikaenda kwa Inchaji. Nilimwomba aandike kwa maandishi makubwa juu ya kitanda kwamba mgonjwa huyu halishwi mdomoni, na awaambie ndugu yeye mwenyewe, kwa kuwa yeye wangemsikiliza. Aliguna. "Unataka nipigane na ukoo mzima juu ya mtu wa Kona? Hao watu wakikasirika wanaenda kwa chifu, chifu anaenda kwa daktari mkuu, na mimi nahamishwa Mandera, kule jangwani. Waache, Kathure. Mgonjwa akilishwa na watu wake hata sisi tunapunguziwa kazi." Niliitafuta huruma katika uso ule nikaikosa. Nilichoona ni mtu aliyechoka akaamua kwamba uchovu wake una haki kuliko pumzi ya mwenzake. Nimekutana na nyuso za namna hiyo katika kila hospitali niliyofanyia kazi hadi kustaafu mapema, na sijazizoea.

Walikuja Jumapili baada ya kanisa. Wawira alikuwa kwenye mfereji nyuma ya jengo akifua shuka, kwa sababu shuka za hospitali hazikuwepo na zake mbili zilipokezana. Mimi nilikuwa nimetumwa duka la dawa la hospitali kuchukua dripu. Niliporudi niliona mgongo wa ukoo: makoti, skafu, watoto wamebebwa, wamezunguka Kona kama watu wanaotazama ajali. Nikapenya. Mpira ulikuwa sakafuni, umekanyagwa. Mito ilikuwa imeondolewa, kwa kuwa mtu hulishwa akiwa amelala kwa raha, si amekaa kama mshtakiwa. Mwalimu alikuwa chali. Kaka mdogo alikuwa ameshalisha, shemeji alikuwa ameshalisha, na sasa ilikuwa zamu ya Igoki. Alikuwa ameuonja, mdomo wake una weupe wa uji. Alishika kidevu cha ndugu yake kwa mkono ule wenye kovu, na kwa mwingine akainamisha kikombe. Uji ulikuwa ukitoka puani. Ulikuwa ukitoka puani, na walikuwa wakisema, "Anakunywa! Si mwaona vile anakunywa!" Shemeji mmoja alikuwa akilia kwa furaha. Jicho zima la Mwalimu lilikuwa limekodoa juu, linamtazama dada yake.

Nilipiga kelele. Nilimsukuma Igoki, nikamgeuza Mwalimu ubavu, nikaingiza kidole mdomoni mwake nikakomba nilichoweza. Harufu ya ule uji mchachu uliochanganyika na makohozi yenye joto iliniingia, na haijatoka. Mashine ya kunyonya uchafu kooni ilikuwa ya kukanyagwa kwa mguu, na pedali yake ilikuwa imevunjika tangu kabla ya mimi kufika. Tuliitumia kushikilia mlango. Igoki alisimama ameloa uji kifuani, akaniambia kwa sauti ya chini iliyonitisha kuliko kelele, "Mtoto wa juzi, utanifundisha kulisha Ireri? Huyu nilimbeba kwa mgongo. Mamangu alikuwa anaenda shamba, mimi natafuna viazi nampea kwa mdomo. Kwa mdomo wangu!" Inchaji akaja. Nilimshukuru Mungu nikidhani msaada umefika. Alitazama mpira, akatazama ukoo, akatazama uji kwenye shuka. Kisha akanigeukia. "Omba mama msamaha." Sikuomba. Akaomba yeye, kwa niaba yangu, akasema hawa wanafunzi wa siku hizi hawana adabu. Na shemeji akamimina ucuru kwenye kifuniko cha flaski akampa, naye akanywa, pale pale, miguuni pa yule mtu aliyekuwa akizama. Wawira akaingia na beseni la shuka mbichi kichwani. Aliliweka chini, akaokota mpira, akaanza kuufuta kwa gauni lake.

Homa ilimpanda kesho yake. Kifua kilikoroma mpaka mgonjwa aliyelala naye kitanda kimoja akaomba ahamishwe sakafuni. Dawa za sindano zilikuwepo nusu. Mtungi wa oksijeni ulikuwa mmoja, na ulikuwa wadi ya watoto. Mimi na Wawira tulimkalisha, tukampigapiga mgongo, tukamgeuza, na safari moja alinitazama nikatumaini ataniambia tena niketi. Hakusema. Alikufa katikati ya juma, asubuhi, wakati wa chai ya Inchaji. Kichwa chake kilikuwa kwenye mkono wangu kwa sababu nilikuwa namnyanyua. Ndugu walipofika, Igoki alijitupa chini kwenye ile sakafu chafu, akalia maneno ambayo wadi nzima iliyasikia: "Wamemnyima! Siku ile moja nimempea, amekunywa kama mtoto! Njaa imemuua ndugu yangu!" Nikamfuata mpaka kwenye veranda, nikawaambia wote, kwa Kiswahili na kwa kile Kiembu kidogo nilichokuwa nacho, kwamba ni uji uliomuua, umeingia mapafuni. Kaka mdogo akanitazama juu mpaka chini, akawauliza wenzake, "Huyu, mke amemhonga na nini?" Wakacheka. Watu waliofiwa, wakacheka. Nilikwenda nyuma ya jiko la hospitali nikatapika githeri yote.

Wawira aliishi na jina lile maisha yake yote yaliyobaki. Nilikuwa nikimtembelea kila nilipopata likizo, ndivyo tulivyokuwa marafiki. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemfukuza shambani. Wasingethubutu, alikuwa na watoto. Walikataa tu chakula chake. Jumuiya ya kanisa ilipokuja kusali kwake ilisali, ikaaga. Akipeleka sufuria kwenye harusi, ilirudi imejaa, na wenyewe wamemwekea kitambaa juu kwa adabu. Alinionyesha mara moja sufuria kama hiyo. "Angalia, Kathure. Pilau. Hata kuku zangu zimechoka na pilau." Alisema akitabasamu, na mimi nilichukia kijiji kizima kuanzia mchungaji mpaka kuku.

Haya yote nilikuwa nayo kooni pale kwenye kiti cha plastiki. Na chini ya hema, kwenye kiti cha heshima, alikuwa Igoki. Amekuwa mkongwe, macho yamefunga ukungu, kovu lile limekunjamana na ngozi nyingine, kikombe cha uji kiko mapajani. Nilimwendea nikainama. Sikuwa tena kasichana ka sare. Nina mvi, na watu walinisogezea kiti. "Cucu," nikamwita, kama mtu anavyomwita bibi yake, "mimi ni yule muuguzi wa Kaaga. Nataka nikwambie tena, na hawa wasikie. Mwalimu hakufa njaa. Alikufa ameshiba. Uji mliompa ile Jumapili uliingia kwenye mapafu, ukamzamisha. Wawira hakumnyima kitu. Alikuwa anamzuia asife." Nilisema kwa sauti. Foleni ya uji ikanigeukia. Nilingoja anitukane, nilikuwa nimejiandaa, hata nilitamani. Igoki alipapasa mdomo wa kikombe kwa kidole. Kisha akasema, si kwangu hasa, "Alikuwa ananiangalia. Hilo jicho lake. Miaka hii yote mimi najua alikuwa ananishukuru."

Chuki yangu niliyoitunza kwa bidii ilinitazama nami nikaitazama, na hakuna kati yetu aliyejua pa kwenda. Nilijua tu kwamba nimechoka na foleni ile. Nikaondoka chini ya hema, nikapita mbele ya wale wanawake wawili, nikaenda mpaka kwenye jiko la Wawira ambako binti yake bado alikuwa amesimama na vikombe vyake visivyoguswa. Tangu mwaka ule sijawahi kuonja ucuru. Harufu yake tu hunirudisha Kona, kidole mdomoni mwa mtu. Nikamwambia Muthoni anipe. Alinitazama kama hajasikia, kisha akanijazia kikombe mpaka juu. Nikanywa nimesimama, watu wote wakiniona, mpaka nikafika chini. Muthoni akauliza kama aniongeze. Nikampa kikombe, nikamwambia aongeze.